Nyepesi kwa Mizani Ipi? Uhakiki wa Istilahi katika Historia ya Manowari Moja

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi zilizotumiwa katika mswada mmoja wa tafsiri uliofika mezani petu ili ukaguliwe. Mswada huo unaeleza historia ya manowari ya Uingereza iliyoitwa Enterprise, tangu ilipoanza kuundwa mwaka 1918 hadi ilipouzwa kuwa chuma chakavu mwaka 1946. Jina la mfasiri halitatajwa hapa, wala la mchapishaji wake, kwani shabaha yetu si kumwaibisha mtu. Aidha, kosa lililo kubwa kuliko yote katika mswada huo si la mfasiri bali ni langu mimi, na ni haki nilieleze kwanza kabla ya kuyataja ya mwenzangu.

Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mmoja wa historia alituandikia barua akiuliza ni jina gani la Kiswahili linalofaa kwa aina ile ya manowari ambayo Waingereza huitaja kwa sifa ya wepesi. Barua hiyo nilipewa mimi niijibu. Nilikuwa mgeni katika kazi hii, na nilimjibu kwa mstari mmoja tu, kwamba aiite "manowari nyepesi". Nililitazama neno, sikuitazama dhana. Jibu langu lilipokelewa, likanakiliwa, likaingia katika maelezo ya darasani, na hatimaye mfasiri wetu akalichukua kwa nia njema kabisa, akidhani ni istilahi iliyokwisha kujadiliwa na kupitishwa.

Ndipo mwalimu yule yule akatuandikia mara ya pili. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa amesoma kwamba York, manowari iliyokamilika mwaka 1930 na kuhesabiwa miongoni mwa zile "nzito", ilikuwa ya tani 8,250. Lakini Belfast, iliyokamilika mwaka 1939 na kuhesabiwa miongoni mwa zile "nyepesi", ilizidi tani 10,000. Mwanafunzi aliuliza: nyepesi kwa mizani ipi? Mwalimu hakuwa na jibu, na mimi niliyempa neno hilo sikuwa nalo pia.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, maana ni wachache kati yetu wanaoandika habari za manowari. Sivyo. Mwalimu anayefundisha vita viwili vikuu vya dunia, mtumishi wa serikali anayefasiri mikataba, na mwandishi anayeeleza historia ya bandari zetu, wote hao watakutana na maneno haya. Na istilahi inayomfanya mwanafunzi mwerevu aone kwamba kitabu kinajipinga chenyewe humwondolea imani katika kitabu, na baadaye katika lugha iliyotumika kukiandika.

Wepesi usio wa uzito

Hebu tuifuate dhana tangu mwanzo wake. Kuna manowari ambazo ukubwa wake ni wa kati: si kubwa kama zile za mstari wa mbele zenye mizinga mikubwa kupita zote, wala si ndogo kama zile za kusindikiza misafara. Kazi yake ni kwenda mbali peke yake, kupeleleza, kulinda njia za biashara na kuwinda meli za adui. Katika makala haya nitaiita manowari ya namna hiyo "kruza", nami nitaitetea istilahi hiyo baadaye.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kruza zilikuwa za namna nyingi. Mwaka 1912 Waingereza waliagiza kundi jipya la kruza ndogo ambazo ubavuni zilivishwa deraya, lakini deraya haba. Walizitaja kwa sifa ya wepesi wa deraya, kisha neno la deraya likaachwa kwa sababu ya uvivu wa ulimi, ukabaki wepesi peke yake. Kwa hiyo, mwanzoni wepesi huo ulikuwa wa deraya, si wa meli nzima.

Mwaka 1922 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba mjini Washington, yakakubaliana kwamba kruza isizidi tani 10,000 wala isiwe na mzinga unaozidi inchi 8. Kisha mwaka 1930, katika mkataba wa London, kruza ziligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilikuwa la zile zenye mizinga inayozidi inchi 6.1, yaani milimita 155. La pili lilikuwa la zile ambazo mizinga yake haikuzidi kipimo hicho. Kundi la kwanza ndilo lililokuja kuitwa la "nzito", na la pili la "nyepesi". Msomaji ataona kwamba mgawanyo huo haukutumia mizani hata kidogo. Ulitumia kipimo cha mdomo wa mzinga.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa manowari iliyoitwa Effingham. Ilipokamilika ilikuwa na mizinga ya inchi 7.5, na kwa mkataba wa 1930 ikaingia kundi la "nzito". Katika miaka ya 1937 na 1938 mizinga hiyo iliondolewa, ikapachikwa mingine ya inchi 6, na tangu hapo Effingham ikahesabiwa "nyepesi". Japani ilifanya kinyume chake: kruza zake za jamii ya Mogami ziliundwa zikiwa na mizinga 15 ya milimita 155, kisha, kabla nchi hiyo haijaingia vitani mwaka 1941, zikabadilishiwa mizinga na kupewa ya milimita 203. Meli zile zile zilizokuwa "nyepesi" zikawa "nzito".

Na Enterprise yenyewe? Mkuku wake ulilazwa mwaka 1918, wakati neno hilo lilipokuwa bado la deraya. Ilipofika mwaka 1930 ikajikuta katika kundi la mizinga midogo, kwa kuwa mizinga yake 7 ilikuwa ya inchi 6. Hakuna hata msumari mmoja uliobadilishwa. Kilichobadilika ni maana ya neno. Mfasiri anayeandika "manowari nyepesi" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho huyaficha mabadiliko haya, ambayo ndiyo historia yenyewe.

Ni haki kuisikiliza hoja ya upande wa pili. Mwenzangu mmoja ofisini ananiambia kwamba Wafaransa na Wajerumani nao wamelifuata neno la wepesi, na kwamba msomaji akitaka kutafuta habari katika vitabu vya kigeni, neno linalofanana litamrahisishia kazi. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini tukumbuke kwamba hata Wajerumani hawakuanza na wepesi. Ile Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 11 Julai 1915 baada ya kupigwa vibaya, kwa Kijerumani cha wakati ule iliitwa kruza ndogo. Vitabu vilivyoandikwa baadaye ndivyo vilivyoipachika wepesi. Lugha hizo zina vitabu vingi vya kumsahihisha msomaji anayepotoshwa na jina. Sisi vitabu vyetu ni vichache, na aghalabu istilahi ndiyo maelezo pekee anayoyapata mwanafunzi. Kwa hiyo istilahi yetu hubeba mzigo ambao ya wenzetu haikulazimika kuubeba.

Kuundwa, kushuliwa, na jamaa za meli

Sasa tuingie katika mswada. Mfasiri anasema kwamba Enterprise "ilijengwa" huko Clydebank, kisha mwaka 1919 "ilizinduliwa". Maneno haya si makosa ya sarufi, na wengi wetu tungeyapitisha. Hata hivyo, Kiswahili kina maneno yake ya kazi hii, nayo ni ya zamani kuliko meli za chuma. Nyumba hujengwa, chombo huundwa. Inashangaza kwamba sisi tunaosema kila siku kuwa tunaunda istilahi tumesahau kwamba kitenzi hicho tumekiazima kwa mafundi wa majahazi. Chombo kikishaundwa, hushuliwa, yaani huteremshwa majini. Kuzinduliwa ni jambo jingine: huzinduliwa aliyelala au aliyezimia, na siku hizi huzinduliwa miradi na vitabu.

Tofauti hii ina faida. Enterprise ilishuliwa mwezi Desemba 1919, lakini haikuanza kazi mpaka mwaka 1926, kwa sababu vita vilikwisha Novemba 1918 na haraka ya kuikamilisha ikatoweka. Mwenzake wa tatu, aliyepangiwa jina la Euphrates, hakuundwa kabisa. Agizo lake lilifutwa mwezi huo huo wa amani. Msomaji wa mswada, akikuta kwamba meli "ilizinduliwa" mwaka 1919, atadhani kwamba ilianza kazi mwaka huo, na miaka sita na zaidi itampotea. Napendekeza tuwe na hatua nne zilizo wazi: kulaza mkuku, kushua, kukamilisha, na kutia kazini.

Jambo la pili ni neno "daraja". Mswada unasema kwamba Enterprise na Emerald zilikuwa "za daraja moja". Mtumishi wa serikali akisoma hivyo atafikiri mara moja habari za vyeo na mishahara. Kinachokusudiwa ni kwamba meli hizo mbili ziliundwa kwa mchoro mmoja. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili, na hapo ndipo mtego ulipo. Pegasus, manowari iliyozamishwa na Königsberg bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilikuwa kruza ya daraja la tatu. Hapo daraja ni cheo kweli, maana Waingereza walikuwa na kruza za daraja la kwanza na la pili vilevile. Lakini Pegasus ilikuwa pia moja katika kundi la meli zilizoundwa kwa mchoro wa Pelorus. Tukiandika "ya daraja la tatu ya daraja la Pelorus", tutakuwa tumeandika upuuzi. Tukiandika "kruza ya daraja la tatu, ya jamii ya Pelorus", kila dhana itakaa mahali pake. Na meli mbili za jamii moja kama Enterprise na Emerald ziitwe pacha. "Meli dada", kama ilivyoandikwa katika mswada, hutokana na desturi ya Waingereza ya kuifanya meli kuwa mwanamke. Kiswahili hakina desturi hiyo, wala hakina haja nayo.

Vipimo

Katika sura ya vipimo makosa ni matatu, na yote matatu yanaweza kusahihishwa kwa kufikiri kidogo.

Kwanza, mswada unataja "mizinga yenye urefu wa inchi sita". Mzinga wenye urefu huo ungetoshea katika mfuko wa kanzu. Inchi 6 ni upana wa tundu la mdomo. Mzinga wenyewe ulikuwa na urefu wa karibu meta 7. Iandikwe "mizinga ya inchi 6", na pale inapotajwa mara ya kwanza ielezwe kwamba kipimo ni cha kipenyo cha mdomo.

Pili, mwendo. Enterprise iliweza kwenda maili 33 za bahari kwa saa. Mswada unasema "maili 33 kwa saa", basi. Maili ya bahari ni meta 1,852, lakini maili ya nchi kavu ni kama meta 1,609. Kwa hesabu ya kwanza meli ilikwenda kilometa 61 kwa saa, na kwa hesabu ya pili ni kilometa 53. Wako wanaopendelea kusema "noti" kwa kufuata matamshi ya kigeni, lakini noti tunayo tayari katika fedha na katika muziki. Wako pia wanaosema "mafundo", nao wana haki ya kihistoria, maana kipimo hicho kilitokana na mafundo ya kamba iliyotupwa majini. Hata hivyo, "maili za bahari kwa saa" hujieleza penyewe, nami napendekeza tubaki nayo katika vitabu vya shule.

Tatu, tani. Enterprise inasemwa kuwa ya tani zipatazo 7,500. Hizo ni tani za uzito: uzito wa maji yanayosukumwa kando na meli inapoelea, ambao ni sawa na uzito wa meli yenyewe. Lakini katika ukurasa huo huo mswada unailinganisha na meli ya abiria ambayo tani zake zilikuwa za ujazo. Katika hesabu iliyotumika miaka ile, tani moja ya ujazo ilikuwa futi 100 za ujazo za nafasi iliyomo ndani ya meli. Kulinganisha tani hizi na zile ni kama kulinganisha pishi na ratili. Hivyo basi tuandike "tani za uzito" kwa manowari, na "tani za ujazo" kwa meli za biashara, wala tusiiache tani peke yake pale mbili hizo zinapokutana.

Nitaongeza jambo moja dogo. Mbele ya Enterprise palikuwa na mizinga miwili iliyowekwa pamoja ndani ya chumba cha chuma kinachozunguka. Chumba hicho kiliwekwa kwa kujaribia muundo ambao baadaye ulitumiwa katika kruza nyingine. Mswada unakiita "mnara". Msomaji wetu ataona mnara wa msikiti au wa taa. Sina istilahi ya neno moja ninayoweza kuitetea, na kwa sasa ningeandika "chumba cha mizinga". Istilahi ndefu iliyo sahihi ni bora kuliko fupi inayopotosha.

Utumishi

Sehemu hii ndiyo iliyo nzuri kuliko zote katika mswada, na mfasiri anastahili sifa kwa mtiririko wa masimulizi yake. Ndiyo pia sehemu inayozigusa pwani zetu. Enterprise ilitumika miaka mingi katika Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa mwaka 1928, mrithi wa ufalme wa Uingereza, Edward, alikuwa Tanganyika katika safari ya kuwinda alipopata habari kwamba baba yake, Mfalme George wa Tano, ni mgonjwa sana. Aliteremka mpaka Dar es Salaam, akapanda Enterprise, nayo ikampeleka mpaka Brindisi huko Italia, na kutoka hapo akaendelea kwa treni hadi London.

Miaka minane baadaye, mwezi Mei 1936, manowari hiyo hiyo ilikuwa Djibouti. Majeshi ya Italia yalikuwa yakiukaribia mji wa Addis Ababa, na Mfalme Haile Selassie alikuwa amefika pwani kwa treni. Enterprise ilimpeleka Haifa, na huo ukawa mwanzo wa miaka mitano ya kukaa nje ya nchi yake. Hapa mswada unasema: "manowari ya Kiingereza ilimchukua Mfalme". Nimewasomea watu watatu sentensi hiyo bila kuwaeleza zaidi. Wawili walielewa kwamba Waingereza walimteka. Kitenzi "kuchukua" kina maana nyingi, na katika habari za vita msomaji huchagua ile iliyo kali. Heshima ya mtu na ukweli wa taifa zima vimetegemea kitenzi kimoja. "Ilimsafirisha" au "alisafiri kwa manowari" yangetosha kabisa.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, neno linalotatanisha ni "vita" lenyewe. Mswada unaandika "Vita vya Mers-el-Kébir" na "Vita vya Ghuba ya Biscay", kama kwamba hivyo vilikuwa vita mbali na vile vikuu. Hebu tutazame yaliyotokea. Tarehe 3 Julai 1940 Enterprise ilikuwa katika kikosi cha Waingereza kilichozipiga manowari za Ufaransa bandarini Mers-el-Kébir, Algeria, ili zisiangukie mikononi mwa Wajerumani. Wafaransa 1,297 walikufa, nao walikuwa wenzi wa Waingereza mpaka wiki mbili kabla ya hapo. Karibu moto wote ulitoka upande mmoja. Hilo ni shambulio. Tarehe 28 Desemba 1943, katika Ghuba ya Biscay, Enterprise na kruza nyingine iliyoitwa Glasgow zilikutana na manowari 11 ndogo za Ujerumani, zikazamisha tatu kati yake katika bahari iliyochafuka. Hilo ni pigano, maana pande zote mbili zilipigana. Vita ni vile vilivyoanza 1939 na kumalizika 1945. Tukiwa na "vita", "pigano" na "shambulio", kila moja mahali pake, mwanafunzi atajua nani alifanya nini, nasi hatutalazimika kumwongezea hukumu zetu.

Kati ya matukio hayo mawili kuna lile la Aprili 1942. Ndege za Japani zilizizamisha Dorsetshire na Cornwall, kruza mbili za kundi la "nzito", kusini-magharibi ya kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa ni nchi ya Sri Lanka. Siku ya pili yake Enterprise, pamoja na manowari mbili ndogo, Paladin na Panther, zilifika mahali pale na kuwaopoa watu 1,122 waliokuwa wamekesha majini. Mfasiri amewaita "manusura", na neno hilo limesimama vizuri, nisingelibadilisha. Baada ya mapigo hayo makao ya kikosi cha Waingereza cha Bahari ya Hindi yalihamishiwa Kilindini, Mombasa. Wazee waliofanya kazi bandarini miaka ile waliziona manowari hizi kwa macho yao, na bila shaka walikuwa na majina yao ya kuziita. Ni hasara yetu kwamba hatukuwahi kuwauliza.

Mwisho wa meli

Enterprise ilishiriki katika kuteremsha majeshi Normandy mwezi Juni 1944, ikitupa makombora yake mbele ya ufuko uliopewa jina la Utah. Mwaka 1945 iliondolewa katika kikosi na kuwekwa akiba, kisha ikarudishwa kazini kwa muda ili kuwarejesha askari kwao kutoka mashariki. Mwaka 1946 iliuzwa, ikapelekwa Newport, na hapo, kwa maneno ya mswada, "ikavunjwa".

Mtu wa pwani akisikia kwamba chombo kimevunjika, huuliza ni mwamba gani na ni watu wangapi waliokufa. Effingham, tuliyoitaja hapo juu, ndiyo iliyovunjika kweli: ilipanda mwamba katika pwani ya Norway mwezi Mei 1940. Enterprise haikupatwa na hayo. Ilifunguliwa sahani kwa sahani na mafundi waliolipwa mshahara. Tunalo neno la kazi hiyo: kukongoa, yaani kung'oa misumari na kutenganisha kilichounganishwa. Jahazi lililochakaa hukongolewa. Kwa nini manowari isikongolewe? Pacha wake, Emerald, alikuwa na mwisho wa ajabu zaidi. Ilitolewa kwa majaribio ya silaha, ikazama katika ghuba ya Kames, Scotland, mwaka 1947, ikaelezwa tena mwaka uliofuata, ndipo ikapelekwa Troon kukongolewa. Mwenye neno moja tu la "kuvunjwa" hawezi kuisimulia habari hiyo bila kumchanganya msomaji.

Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu, naleta mapendekezo yafuatayo mbele ya wasomaji:

1. "Manowari" liendelee kuwa jina la meli yoyote ya kivita iendayo juu ya maji, na lisitumiwe kwa nyambizi kama baadhi ya waandishi wanavyofanya.

2. Dhana iliyojadiliwa hapa iitwe "kruza" (ngeli ya I–ZI). Nimefikiria "manowari ya doria", lakini doria ni kazi ya meli nyingi ndogo. Nimefikiria pia "manowari ya masafa", lakini manowari kubwa nazo huenda mbali. Wasioyapenda maneno ya kukopa wakumbuke kwamba "manowari" lenyewe lilitoka katika vinywa vya mabaharia wa Kiingereza, likazoea pwani hata leo hakuna anayeliona geni.

3. Kwa makundi ya mkataba wa 1930 tuseme "kruza ya mizinga midogo" na "kruza ya mizinga mikubwa". Kwa meli za kabla ya hapo, pale sifa ilipokuwa ya deraya, tuseme "kruza ya deraya haba". "Manowari nyepesi" iachwe.

4. Maneno ya waundao vyombo, yaani mkuku, kuunda, kushua, kukongoa, omo, tezi na mengineyo, yatafutwe kwanza kabla ya kubuni au kukopa. Mkutano wa istilahi za usafiri wa majini usiitishwe bila fundi wa vyombo kuwapo.

5. "Jamii" itumike kwa meli za mchoro mmoja, "daraja" kwa cheo, na "pacha" kwa meli mbili zinazofanana.

Najua kwamba pendekezo la tatu lina udhaifu. Ni refu, na mfasiri mwenye jedwali jembamba atalinung'unikia. Zaidi ya hayo, "mizinga midogo" ni midogo kwa kulinganishwa tu. Waliopigwa nayo hawakuiona midogo. Iwapo msomaji anayo istilahi fupi zaidi isiyodanganya, na ailete, nitakuwa wa kwanza kuifuta yangu. Nje ya Ngome ya Yesu, Mombasa, umewekwa mzinga mmoja wa Königsberg pamoja na mmoja wa Pegasus. Mwalimu anayeweza kuwafikisha wanafunzi wake hapo na awapeleke wakapime mdomo wa mizinga hiyo kwa rula. Watakielewa kipimo cha mzinga kwa dakika moja, kuliko kwa ukurasa mzima wa maelezo yangu.

Mswada umerudishwa kwa mfasiri pamoja na masahihisho haya, naye amekubali mengi na kuyapinga machache kwa hoja nzuri, hasa kuhusu "chumba cha mizinga", ambacho anasema kinaweza kudhaniwa kuwa ghala. Mjadala huo bado uko wazi. Ama yule mwalimu wa historia, amekwisha kuandikiwa barua nyingine, safari hii ya kurasa mbili, yenye kuanza kwa kuomba radhi. Nimemwomba amsomee mwanafunzi wake ukurasa ule unaomjibu, na amwambie kwamba swali lake lilikuwa sahihi.